Kangomba ya Wachora Katuni

Mwezi uliopita kijana mmoja anayeandika majina ya mashua na mabango ya maduka pale Chikongola, hapa Mtwara, aliniletea karatasi aliyotaka nimsomee. Ilikuwa ya ukurasa mmoja, kwa Kiingereza, imegongwa muhuri juu, na chini pameachwa mstari wa sahihi yake. Kampuni moja ya Dar es Salaam ilikuwa imeziona katuni zake kwenye simu, hadithi za bibi mmoja mbangua korosho mwenye ulimi mkali ambaye kijana huyu amekuwa akimchora kwa zaidi ya mwaka, nayo ilikuwa tayari kumlipa shilingi 150,000. Nilipofika aya ya tatu nilimwuliza kama ameelewa kwamba fedha hiyo ilikuwa inanunua zaidi ya zile picha sita walizozichagua. Ilikuwa inamnunua bibi mwenyewe, jina lake, kanga yake, kigoda chake na kila neno atakalolitamka kuanzia siku hiyo, katika nchi yoyote na katika chombo chochote kilichopo au kitakachobuniwa. Kijana alikaa kimya kidogo, kisha akasema, “Kumbe ni kangomba, Mwalimu.”

Nimesoma maelezo mengi ya wanasheria kuhusu hakimiliki, na sikumbuki yaliyolifikisha jambo hili haraka kama neno hilo moja. Kwa msomaji asiyeishi huku kwetu, kangomba ni ununuzi wa korosho nje ya utaratibu: mtu mwenye fedha taslimu humfuata mkulima nyumbani, mara nyingi katika miezi ya ukata kabla msimu haujafunguliwa, akamlipa bei ya kutupa kwa korosho ambazo bado zimo mtini, na msimu ukifika akazipeleka sokoni kama zake. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika Mtwara katika msimu wa 2007/2008, ulikusudiwa kumfanya mkulima apeleke korosho kwenye chama chake cha msingi, zikae ghalani kwa jina lake na ziuzwe kwa mnada. Serikali imeikemea kangomba na kuipiga marufuku, mwaka 2018 ikawaandama waliotuhumiwa kuifanya, na bado ipo, kwa sababu homa ya mtoto na ada ya shule havingoji mnada. Jirani na kangomba kuna rehani, ambapo mkulima humwachia mwenye fedha mikorosho yake aivune misimu miwili au mitatu, lakini miti yenyewe hubaki ya mkulima, na muda ukiisha huirudia. Halafu kuna kuuza shamba, ambako hakuna kurudi.

Historia ya wachapishaji wadogo wa vitabu vya katuni husimuliwa kwa kawaida kama historia ya uhuru wa kuwaza: vijana wasiotaka kuamriwa na wakubwa wakajichapishia wenyewe, wakachora walichotaka. Masimulizi hayo yana ukweli, lakini yanapofusha. Uhuru wa kuchora utakacho unapatikana hata ukutani kwa mkaa. Kinachomtofautisha mchapishaji huru na kibarua wa kalamu ni kujua, kila anapotia sahihi, kama anauza mavuno, anaweka miti rehani au anauza shamba, na kuwa na uwezo wa kungoja mpaka aamue mwenyewe. Sijui kampuni inayolionyesha jambo hili vizuri kuliko Mirage Studios, kampuni ya watu wawili iliyoanzia katika mji mdogo wa Dover, New Hampshire, nchini Marekani, ambayo wahusika wake, wale kobe wapiganaji wa Teenage Mutant Ninja Turtles, watoto wetu wamewabeba kwenye mabegi ya shule na kwenye fulana za mitumba bila kujua walikotoka.

Ili kuelewa Mirage ilikwepa nini, inabidi kuanzia mwaka 1938. Mwaka huo vijana wawili wa Cleveland, mwandishi Jerry Siegel na mchoraji Joe Shuster, walilipwa dola 130 kwa kurasa 13 za hadithi ya kwanza ya Superman, yaani dola 10 kwa kila ukurasa, na katika karatasi waliyoitia sahihi wakaachia haki zote za mhusika huyo. Dola 10 kwa ukurasa ilikuwa bei ya kawaida ya siku zile, na kama zingekuwa zimenunua kurasa tu, nisingekuwa na la kusema. Lakini shamba zima lilifungwa ndani ya bei ya mavuno ya siku moja. Waliishia kwenda mahakamani wakishindwa, na ni Desemba 1975, wakiwa na umri wa miaka 61, Shuster akiwa karibu kipofu, ndipo kampuni iliyowamilikia mhusika wao ilipokubali kuwalipa dola 20,000 kwa mwaka kila mmoja na kurudisha majina yao juu ya hadithi. Kufikia wakati huo filamu kubwa ya Superman ilikuwa inaandaliwa na magazeti yalikuwa yameanza kuuliza maswali.

Nitamtetea mnunuzi kidogo, maana naye huwa hatendewi haki katika makala za namna hii. Mwaka 1938 hakuna aliyejua kwamba yule mtu wa joho jekundu angeishi. Wachapishaji wa wakati ule walinunua wahusika wengi kwa bei hiyohiyo, na wengi wao walikufa baada ya matoleo machache. Mnunuzi wa kangomba naye hunyeshewa, hupewa korosho mbichi, hukimbiwa na deni. Anabeba hatari ambayo muuzaji hataki kuibeba au hawezi. Tatizo langu naye ni kwamba huweka bei ya hatari kana kwamba hasara ndiyo kawaida, kisha neema ikija hujitwalia yote, na yule aliyepanda mti haulizwi tena.

Kwa miongo mitatu na zaidi baada ya Superman, mchoraji wa Marekani hakuwa na njia nyingine, na sababu kubwa ilikuwa barabara ya bidhaa kuliko roho mbaya ya mtu. Vitabu vya katuni viliuzwa kwenye meza za magazeti kwa utaratibu ambao muuzaji yeyote wa magazeti pale sokoni Mtwara anaujua: unachukua mzigo, unauza unachoweza, kilichobaki unakirudisha na hulipii. Kwa utaratibu huo mchapishaji hulazimika kuchapa nakala nyingi kuliko zitakazouzwa na kusubiri miezi kabla ya kujua amepata au amekula hasara, na hilo haliwezi kufanywa na mtu mwenye akiba ya mshahara mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Phil Seuling, mwalimu wa sekondari wa Brooklyn (nakiri kwamba huwa nafurahi walimu wanapoonekana katika historia), aliwaendea wachapishaji wakubwa na pendekezo jipya. Alitaka kuwanunulia wenye maduka ya katuni moja kwa moja, kwa punguzo kubwa zaidi, na kisichouzwa kisirudi. Hasara ilihamia kwa mwenye duka, lakini mwenye duka aliwajua wateja wake kwa majina na akaagiza kwa kadiri yao. Matokeo ambayo sidhani Seuling aliyakusudia ni kwamba kuanzia hapo mtu aliweza kujua ameagiziwa nakala ngapi kabla hajapeleka kazi kwa mchapaji.

Mlango huo ndio waliopitia Kevin Eastman na Peter Laird. Mwezi Novemba 1983, usiku, wakiwa wanachora kwa kufurahishana, Eastman alichora kobe aliyesimama kwa miguu miwili, amefunga kitambaa usoni na mikono ina silaha za wapiganaji wa Kijapani. Laird akamchora upya na kumboresha, Eastman akaongeza wengine watatu, na kabla hakujakucha walikuwa na kundi la wahusika ambao mtu yeyote mwenye kampuni ya maana angewacheka. (Wafasiri wetu wa mitaani wanabishana mpaka leo kama waitwe kobe au kasa. Watu wa Msimbati na Mikindani, wanaomwona kasa akipanda ufukweni kutaga, hawakubali hata kidogo kwamba mnyama anayeishi, kama hawa wa hadithini, kwenye mtaro wa maji machafu anaweza kubeba jina hilo, na mimi niko upande wao.) Kampuni yao waliita Mirage, yaani mazigazi, yale maji ya uongo yanayoonekana barabarani wakati wa jua kali, kwa sababu studio yenyewe haikuwepo: kulikuwa na sebule, makochi na mbao mbili za kuchorea.

Mtaji ninautaja kwa tarakimu kwa kuwa ndio moyo wa jambo lenyewe. Eastman alirudishiwa kodi ya dola 500, Laird akatoa dola 200 benki, na ami yake Eastman akawakopesha takriban dola 1,000. Kwa fedha hiyo walichapa nakala zipatazo 3,000 za Teenage Mutant Ninja Turtles, rangi nyeusi na nyeupe, juu ya karatasi ya gazeti, wakazitoa mwezi Mei 1984 kwa dola 1.50 kila moja. Sehemu ya fedha waliitumia kulipia tangazo la ukurasa mzima katika gazeti lililosomwa na wenye maduka. Nakala zikaisha ndani ya wiki chache. Wakachapa nyingine 6,000, nazo zikaenda, na toleo la pili lilipotangazwa maagizo yalifika 15,000 kabla halijachapwa.

Watu hupenda kusifu ubunifu wa usiku ule wa Novemba. Mimi namsifu yule ami. Wachoraji wenye vipaji kama vya Eastman na Laird walikuwa wengi, na Siegel na Shuster hawakuwa wajinga kuliko wao. Tofauti yao ni kwamba hawa wa Dover walikuwa na mtu wa ukoo aliyetoa mkopo na kutaka mkopo wake urudi, basi, bila kudai sehemu ya kobe. Ukimwangalia mkulima wa Newala au Tandahimba anayeingia kangomba, utaona kwamba kinachomponza ni mwezi Julai, wakati nyumba haina kitu na mti umejaa maua. Mwenye kitu cha kumvusha mpaka Oktoba hauzi kwa kangomba. Dola 1,000 za ami ndizo zilizowavusha hao wawili mpaka Oktoba yao.

Neema ilileta waigaji. Mwaka 1986 kila mwenye kalamu nyeusi alichapa wanyama wake wapiganaji, walanguzi wakanunua matoleo ya kwanza kwa maboksi wakidhani yatapanda bei, na mwaka 1987 soko likaanguka. Wenye maduka, ambao hawakuwa na haki ya kurudisha, walibaki na marobota ya karatasi zisizo na mnunuzi, na baadhi yao walifunga. Mirage ilisalimika kwa sababu wakati huo ilikuwa imeanza kufanya jambo la pili, ambalo mimi naliona kubwa kuliko la kwanza.

Jambo hilo ni rehani. Kupitia wakala wa leseni aitwaye Mark Freedman, waliruhusu kobe wao watengenezewe katuni ya televisheni, iliyoanza kuonyeshwa Desemba 1987, na vinyago vya kampuni ya Playmates vilivyoingia madukani mwaka 1988. Filamu ikafuata mwaka 1990. Aliyepewa leseni ya vinyago alipata haki ya kutengeneza vinyago kwa masharti na kwa muda, wala hakumpata kobe. Mpangaji, bila shaka, hupogoa mti atakavyo. Katika kitabu cha mwanzo kobe wote wanne walifunga vitambaa vyekundu, na hadithi ilikuwa ya kisasi na damu. Televisheni ikawapa kila mmoja rangi yake ili mtoto awatambue, ikawafanya wacheshi na walafi wa piza. Wapo wasomaji wa zamani walioona hayo ni usaliti. Mimi naona tofauti moja tu inayohesabika: mashabiki wa vitambaa vyekundu walipotaka kobe wao wa zamani, Mirage iliendelea kuwachapa, kwa rangi nyeusi na nyeupe, chini ya jina lilelile, kwa sababu mti ulikuwa bado wao. Siegel na Shuster wasingeweza kuchapa hata ukurasa mmoja wa Superman wao bila ruhusa ya mwenye mali.

Mwezi Novemba 1988 wachoraji kadhaa, Eastman na Laird wakiwamo, walikutana Northampton, Massachusetts, mji ambao Mirage ilikuwa imehamia, wakaandika tamko la haki za wabunifu wa katuni lenye vipengele 12. Rasimu yake iliandikwa na Scott McCloud, na miongoni mwa waliokuwepo alikuwa Dave Sim wa Kanada, ambaye tangu Desemba 1977 alikuwa akijichapishia jarida lake la Cerebus na ambaye angeendelea mpaka toleo la 300 mwezi Machi 2004 bila kumwuzia mtu yeyote. Tamko lile halikuwa sheria na halikumfunga mtu. Thamani yake ni kwamba mambo ambayo wachoraji walikuwa wakiyalalamikia vijiweni, kama haki ya kumiliki walichokibuni, kuwa na mwanasheria wakati wa kujadili mkataba na kurudishiwa michoro yao halisi, yaliandikwa kwa mara ya kwanza na watu waliokuwa na fedha za kutosha kuyasimamia.

Namna hao wawili walivyotumia fedha zao baadaye inastahili kutazamwa kwa makini, kwani walitengana njia. Eastman mwaka 1990 alianzisha kampuni ya Tundra, akawaambia wachoraji waje na ndoto zao, wapewe malipo ya awali ya kutosha, haki zibaki kwao na mtu asiwaharakishe. Kufikia 1993 Tundra ilikuwa imekwisha, na Eastman mwenyewe alisema ilimgharimu dola milioni 14 hivi. Laird mwaka 1992 alianzisha mfuko ulioitwa Xeric, uliotoa ruzuku ndogo kwa wachoraji waliotaka kujichapishia. Mwombaji alipaswa kuonyesha kazi na makadirio ya gharama, akapewa fedha ya kuchapa na kutangaza, na mzigo wa kuuza ukabaki wake. Mfuko huo uliendelea kusaidia katuni kwa takriban miaka 20. Nikiyaweka mambo haya mawili pamoja, naona Tundra ilikuwa ukarimu na Xeric ilikuwa yule ami wa Eastman aliyegeuzwa taasisi. Tundra ilimwondolea mchoraji ukata pamoja na hesabu, na mchoraji asiye na hesabu hamalizi kitabu. Nawajua wawili watatu hapa Mtwara ambao wangeuthibitisha ukweli huo kwa furaha kama wangepewa nafasi.

Mwisho wa Mirage ni wa kuuza shamba, na sioni sababu ya kuuficha. Eastman alimwachia Laird sehemu yake kwa awamu kuanzia mwaka 2000, na mwezi Oktoba 2009 Laird aliwauza kobe kwa kampuni ya Viacom, yenye kituo cha Nickelodeon, kwa dola milioni 60 hivi. Wako waliolia. Lakini huyu alikuwa mtu aliyekaa na shamba miaka 25, amelivuna, amelikodisha, amechoka, na ameliuza kwa bei aliyoijua baada ya kuona kila msimu wake. Tena katika mkataba huo alijibakizia miti michache: haki ya kuchapa hadi matoleo 18 kwa mwaka ya kobe wake wa rangi nyeusi na nyeupe. Anayejua bei za ardhi za Mtwara baada ya habari za gesi ataelewa tofauti iliyopo kati ya mtu aliyeuza kiwanja akijua bomba linapita wapi na yule aliyeuza kabla hajaambiwa.

Sisi nasi tuna historia yetu. Waliokuwa na umri wa kusoma katika miaka ya 1980 hawahitaji kuelezwa Sani lilikuwa nini: jarida la katuni ambalo jina lake liliundwa kutokana na majina ya waanzilishi wake wawili, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, na ambalo lilikuwa, kwa kipimo chochote, mchapishaji mdogo huru wa Kiswahili. Philip Ndunguru aliwachorea wasomaji wake Lodi Lofa na Ndumilakuwili, akafariki mwaka 1986 akiwa kijana bado, na wahusika hao wakaendelea kuishi kwa kalamu za wengine. Sisemi kwamba kuna aliyekosa. Nasema kwamba katika mazungumzo yote niliyowahi kuyasikia kuhusu Lodi Lofa, na nimeyasikia mengi, watu hubishana nani alimchora vizuri zaidi, na sijasikia hata mara moja mtu akiuliza alikuwa wa nani. Mchoraji James Gayo alipompa mhusika wake Kingo jarida la kubeba jina lake alikuwa ametupatia nafasi nzuri ya kuanza kuuliza, lakini sisi tulicheka vichekesho tukafunga ukurasa.

Sheria haina upungufu mkubwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mchoraji tangu anapoichora kazi, bila kungoja usajili, na ulinzi huo unaendelea miaka 50 baada ya kifo chake. Kijana wangu wa Chikongola ana miaka 23. Akijaaliwa kufika 70, bibi mbangua korosho atakuwa na mwenyewe kwa miaka 97 kuanzia leo. Tuligawanya shilingi 150,000 kwa 97 kwa kutumia simu yake, ikaja shilingi 1,546 kwa mwaka, ambayo haitoshi sahani ya wali maharage pale stendi. Hesabu hiyo ina ujanja, naukubali, kwa kuwa bibi anaweza kusahaulika mwakani na 97 ikawa sifuri. Lakini aya ya tatu haikuandikwa na mtu anayeamini kwamba atasahaulika mwakani.

Ugumu wetu halisi uko kwenye barabara ya bidhaa, na huko ndiko ninakoona Mtwara inaweza kujifunza kwa mwalimu wa Brooklyn kuliko kwa kobe. Nilipokuwa kijana, magazeti yalikuja kwa meli au kwa basi lililosubiri kivuko cha Ndundu, na mvua zikishika Rufiji tulisoma habari za wiki iliyopita kana kwamba ni za asubuhi. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, na lami ya Ndundu hadi Somanga ilipokamilika miaka mingi baadaye, safari ya kilomita 560 hivi ikawa ya siku moja, ingawa Mei 2024 mafuriko yalipoikata barabara pale Somanga tulikumbushwa kwamba bado tunaning’inia kwa uzi mmoja. Siku zote hizo magazeti yameteremka kutoka Dar es Salaam kuja kusini. Sijawahi kuona robota la kitu kilichochapwa Mtwara likipakiwa kwenda kaskazini pamoja na magunia ya korosho na ndoo za samaki wakavu. Anayetaka kupenya kwenye meza za magazeti za Dar lazima achape nakala za kutosha meza zote na akubali zirudi, na hilo linamrudisha mchoraji wetu palepale kwa kampuni yenye muhuri na aya ya tatu.

Kwa hiyo tulijaribu upande mwingine, kwa udogo unaochekesha. Kijana alichukua kurasa 24 za hadithi zake za bibi, tukaenda kwenye duka la steshenari linalotoa kopi kwa shilingi 100 ukurasa, tukamwomba mwenye duka bei ya jumla, akatupa ya shilingi 60. Mashine yake ilikuwa na kovu kwenye ngoma, kwa hiyo kila ukurasa una mstari mwembamba mweusi unaoshuka upande wa kulia, na katika picha tatu mstari huo unampita bibi katikati ya paji la uso. Nilidhani kijana atakasirika. Aliuangalia, akachukua kalamu, na katika picha ya mwisho ya kila nakala akamwongezea bibi maneno, “Nani kanipiga mstari huu?” Nakala moja ilimgharimu shilingi 1,440 na pini mbili, akaiuza kwa shilingi 2,500. Nakala 40 za kwanza ziliisha kwa siku tisa, nyingi katika shule mbili za sekondari na kituo kimoja cha bodaboda, na wanafunzi wa bweni wakaanza kumpa fedha ya toleo la pili kabla halijachorwa. Hapo nilimsimulia habari za Seuling, na jinsi agizo lililolipiwa linavyomwambia mtu achape ngapi. Sikuweza kujua kama alinisikiliza, maana alikuwa anahesabu sarafu.

Hatukuichana ile karatasi ya kampuni. Ina fedha, na fedha ya mtu mwingine si haramu. Alichofanya ni kukata aya ya tatu kwa penseli na kuandika pembeni kwamba kampuni ichapishe picha zile sita, na ikimtaka bibi zaidi ya hapo imlipie kwa miaka miwili, kisha bibi arudi nyumbani. Aliniuliza “rehani” inaandikwaje kwa Kiingereza cha mikataba, nikamwandikia. Aliipeleka kwa simu siku ya Jumatatu. Kampuni haijajibu. Toleo la pili limefika ukurasa wa tisa, na jana jioni alipita nyumbani kuazima kitabu changu cha risiti.